Mfadhili kwa Maana Mbili: Taria Topan, Deni na Njia ya Misafara Hadi Taveta

Utangulizi

Neno mfadhili ni miongoni mwa maneno yanayotumika sana vyuoni mwetu. Mwanafunzi asiyejiweza kwa karo hutafuta mfadhili. Kongamano la chama cha Kiswahili haliendi pasipo mfadhili. Kitabu hutolewa kwa hisani ya mfadhili, na jina lake likachapwa kwenye jalada la nyuma. Asili ya neno hili ni fadhila, yaani wema autendao mtu bila kushurutishwa wala kudai malipo. Hata hivyo, tukisema kwamba fulani aliifadhili biashara au kampeni, si lazima tuwe tunausifu wema wake. Twasema tu kwamba alitoa fedha, na yamkini anazitaka zirudi zikiwa na faida juu yake. Lugha imeziweka maana hizi mbili ndani ya neno moja, nasi twazitumia kila siku pasipo kuzitenga.

Makala haya yanamwangazia mtu mmoja wa karne ya 19 ambaye maana hizo zote mbili zilimkaa barabara: Taria Topan wa Unguja, ambaye wengine huliandika jina lake Tharia. Alikuwa mfanyabiashara, mkopeshaji mkuu wa misafara ya pembe za ndovu, mkodishaji wa forodha na, mwishoni mwa maisha yake, mjenzi wa hospitali ya maskini. Msomaji ataweza kuuliza mtu huyu anamhusu vipi mwanafunzi wa fasihi, tena anayesomea Voi, mbali na bahari. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, Taria ni mhusika katika mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili, nayo tawasifu hiyo haieleweki vyema bila yeye. Pili, mikopo ya namna yake ndiyo iliyoipitisha misafara hapa petu, katika njia ile ile ambayo leo matatu hufuata kutoka Voi kwenda Mwatate, Bura na Taveta.

Kijana wa Lakhpat

Taria Topan alizaliwa mwaka 1823 katika bandari ya Lakhpat, jimbo la Kutch, magharibi mwa Bara Hindi. Miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake, mnamo 1819, tetemeko kubwa la ardhi lililigeuza tawi la mto Indus lililoipa bandari hiyo uhai, na Lakhpat ikaanza kufifia. Si ajabu basi kwamba vijana wa huko waliitazama bahari. Yasimuliwa kwamba Taria aliwasili Unguja akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akiwa amejificha chomboni bila nauli. Masimulizi ya matajiri hupenda mianzo kama hii, nasi hatuna budi kuyapokea kwa tahadhari ile ile tunayopokelea kuzaliwa kwa shujaa katika utendi. Lakini kwamba alianzia chini hakuna anayebisha.

Alipata kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ambayo wakala wake Unguja alikuwa Ladha Damji. Yafaa tueleze hapa nyumba hiyo ilikuwa kitu gani. Sultani wa Unguja hakukusanya ushuru wa forodha mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara aliyemlipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, na mfanyabiashara huyo akajitoza mwenyewe kutoka kwa vyombo na bidhaa. Kilichozidi kilikuwa chake. Tangu miaka ya 1830 nyumba ya Jairam ndiyo iliyoshika ukodishaji huo, na kwa hivyo ilikuwa forodha, ghala na benki kwa pamoja. Sultani mwenyewe alikuwa mdeni wake. Hapo ndipo Taria alipojifunza kusoma hesabu za watu, hasa hesabu za madeni.

Baadaye alijitegemea. Alifanya biashara na Wamarekani wa Salem, Massachusetts, walioleta kitambaa cha pamba ambacho Waswahili walikiita merikani na kuchukua pembe, karafuu na gundi ya sandarusi. Mwaka 1875 alifuatana na Sayyid Barghash katika ziara yake ya Uingereza. Mwaka uliofuata aliunyakua ukodishaji wa forodha kutoka kwa nyumba iliyomlea, akaushika hadi 1880 uliporudi kwa kina Jairam. Tusisahau kwamba Ladha na Jairam walikuwa Wahindu, ilhali Taria alikuwa Khoja, Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Baina yao kulikuwa na ushindani mkali.

Mvumbuzi Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu wa Unguja, alimtaja Taria kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji na akamsifia uaminifu na ukarimu. Mwaka 1890 Malkia Victoria alimtunuku cheo cha Sir. Akafariki Bombay mwaka 1891.

Benki isiyokuwa na mlango

Katika miaka ambayo Taria alikopesha, Unguja haikuwa na benki kwa maana tuijuayo leo. National Bank of India ilifika visiwani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Mombasa mwaka 1896. Benki kabla ya hapo ilikuwa ni mtu. Msamiati wenyewe unaishuhudia hali hiyo. Hundi, neno ambalo baadhi yetu hudhani lilibuniwa na kamati ya istilahi ili kutafsiri cheki, lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi na kutumika mabandarini kabla ya kamati yoyote. Laki na pesa yalitoka upande huo huo. Rehani, dhamana na hawala ni ya Kiarabu. Mfanyabiashara wa pwani aliyachanganya yote kwa pumzi moja, na aliyekuwa na mtaji wa kukopesha hakumwita mfadhili. Alimwita tajiri.

Neno linalotuvutia zaidi ni mali kauli. Hivi ndivyo zilivyoitwa bidhaa alizopewa mtu kwa ahadi ya kulipa baadaye, aghalabu kwa pembe za ndovu. Kauli ni neno la mtu, usemi wake. Mwenye mali alitoa nguo, shanga na nyaya. Mchukuaji alitoa kauli. Faida ya mkopeshaji haikutajwa kama riba, kwani riba ni haramu kwa Mwislamu. Iliingizwa ndani ya bei: kitambaa kilichochukuliwa kwa mkopo kiliandikwa kwa thamani kubwa kuliko kile kilichonunuliwa kwa fedha taslimu. Kwa hiyo mdeni alianza safari akiwa tayari nyuma. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na methali hii yaelekea iliufahamu utaratibu huo vizuri.

Je, kwa nini mtu amkabidhi mwenziwe shehena ya mali aende nayo maelfu ya maili, mahali ambapo hakuna kadhi wala liwali wa kumkamata? Kwa sababu mdeni alikuwa na nyumba Unguja, alikuwa na ndugu, na juu ya yote alitaka kukopa tena. Jina lililoharibika halikuuzika. Twaweza kusema kwamba Taria alikuwa msomaji wa wahusika: alimsoma mtu, akakadiria atarudi au hatarudi.

Deni kama mhimili wa msuko

Mtu aliyesomwa kwa usahihi mkubwa kuliko wote ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Tawasifu yake, Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, aliiandika kwa hati za Kiarabu kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliyeichapisha kwa hati za Kirumi mnamo 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliitafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Aghalabu kitabu hiki hufundishwa kama hati ya historia, au kama kielelezo cha nathari ya Kiunguja kabla ya usanifishaji. Sisi twaona kwamba ni haki pia kukisoma kama hadithi ya deni.

Tukichunguza muundo wake, safari za msimulizi huanza kwa kukopa na humalizikia kwenye kulipa. Katika safari za awali alijikusanyia mali kidogo kidogo kutoka kwa wakopeshaji mbalimbali. Jina lake lilipokua, ndipo Taria alipomshika na kumpa mtaji wa kutosha msafara mkubwa. Safari iliyofuata ilidumu kuanzia 1870 hadi 1882, miaka 12 ambayo msimulizi alifika Manyema na kuwa mtawala wa nchi pana. Msomaji wa kawaida huziona sura hizo kama za vita na siasa. Lakini nyuma ya kila pembe inayowekwa ghalani kuna mtu aliyeketi Unguja anayeingoja. Kwa istilahi za uhakiki, Taria ni mhusika bapa: hana mgogoro wa nafsi, hageuki, na mandhari ya bara hayamfahamu. Pamoja na hayo yeye ndiye anayeuendesha msuko. Kama deni lisingekuwapo, msimulizi asingekuwa na sababu ya kurudi pwani, na pengine tusingekuwa na kitabu.

Hapa ndipo penye jambo zito, nalo halifai kupitwa kwa haraka. Pembe hizo zilipatikanaje? Nyingine zilinunuliwa. Nyingine hazikununuliwa. Mwaka 1867 Tippu Tip alimpiga Nsama, mtawala wa Watabwa kusini mwa Ziwa Tanganyika, akaichukua hazina yake ya pembe. Na hili analisimulia mwenyewe pasipo kuomba radhi, kwa sauti ya mtu anayesoma daftari la hesabu. Ushindi huo ndio uliompandisha thamani machoni mwa wakopeshaji. Kwa maneno mengine, uaminifu wa mdeni, ambao ndio msingi wa mali kauli, ulithibitishwa kwa mali ya kutekwa. Na mizigo hiyo ilibebwa na watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine mateka.

Kuna watakaomtetea Taria kwa kusema kwamba yeye hakumshika mtumwa mkono. Ni kweli kwamba raia wa Uingereza kutoka Bara Hindi walikatazwa kumiliki watumwa. Mnamo 1860 balozi Rigby aliwalazimisha Wahindi wa Unguja kuwaacha huru maelfu ya watumwa, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa kwa mkataba. Lakini utetezi huu unakomea kwenye mlango wa duka. Fedha haina mkono wa kushika, nayo hufika mahali ambapo mwenyewe hafiki. Aliyekopesha msafara alijua msafara ni kitu gani.

Wanafunzi wenzangu watakaotaka kulilinganisha simulizi hili na mengine wana pa kuanzia. Desturi za Wasuaheli, kazi iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenziwe, inaeleza kuhusu biashara, deni na utumwa kutoka ndani ya jamii ya Mrima. Na katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi mwaka 2022, mvulana Yusufu anachukuliwa na tajiri wa misafara kwa sababu babake ameshindwa kulipa. Tippu Tip ametuandikia deni kama lionekanavyo na aliyekopa akafaulu. Gurnah ameliandika kama lionekanavyo na yule aliyewekwa rehani. Mtu asome vitabu hivi viwili kwa kufuatana.

Mwisho wa njia: Taita na Taveta

Njia za Tippu Tip zilianzia Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Njia yetu ilikuwa nyingine. Misafara iliondoka Mombasa kupitia Rabai, ikalivuka jangwa la Taru ambako maji yalikuwa taabu, ikafika Maungu, ikapumua penye vilima vya Ndara na mto Voi, kisha ikapita Mwatate na Bura hadi kwenye msitu wa Taveta, kando ya mto Lumi. Nyingine zilipanda kutoka Pangani na kukutana na hizo Taveta. Johannes Rebmann alipita Taita mwaka 1848 alipouona mlima Kilimanjaro, na Joseph Thomson alifika Taveta mwaka 1883 akielekea Umasaini. Wako wasemao kwamba hata jina la mji wa Voi latokana na Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Kikamba aliyefariki mwaka 1851. Iwe kweli au isiwe, ni jambo la maana kwamba wenyeji waliutafutia mji wao asili katika jina la mfanyabiashara wa pembe.

Taveta ilikuwa mahali pa kujaza chakula na kupanga mizigo upya. Thomson alieleza jinsi shanga zilivyolazimika kutungwa upya hapo kwa urefu na mtindo uliokubaliwa na Wamasai, la sivyo zingekataliwa. Watu walikaa kwa siku nyingi msituni wakitunga shanga. Nyaya za chuma, yaani sengenge, nazo zilikuwa na unene wake. Hebu tulitazame jambo hili kwa jicho la mdeni. Iwapo mitindo ya Umasaini imebadilika tangu mali ichukuliwe pwani, shanga zake ni mzigo mtupu. Hasara ni yake, si ya aliyemkopesha, kwa kuwa daftari la Unguja au Mombasa halijui mitindo. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyefuatana na Thomson na baadaye na Count Teleki mnamo 1887 na 1888, aliishi katika hesabu za namna hii kila msimu.

Hatudai kwamba kila mzigo uliopita Bura ulitoka ghalani mwa Taria. Bali kati ya 1876 na 1880 pembe iliyotoka Taveta ikashuka Mombasa au Pangani ilipita katika forodha ambayo yeye ndiye aliyekuwa ameikodi. Mkono wake ulifika huku kwa njia ya ushuru.

Na wenyeji je? Waliuza chakula, walidai hongo kwa ajili ya kupitisha wageni katika nchi yao, wengine walibeba mizigo. (Neno hongo nalo ni la kutafakari: enzi hizo lilikuwa ada halali ya njia, leo ni kosa la jinai.) Lakini mwaka 1884 na 1885 njaa kubwa iliikumba Taita, ile ambayo Wadawida huikumbuka kwa jina la Mwakisenge. Katika miaka ya njaa kama hiyo, sehemu nyingi za nyuma ya Mombasa, jamaa zilimtoa mtoto au ndugu awekwe rehani kwa mwenye nafaka, kwa matumaini ya kumkomboa mvua zikinyesha. Wengi hawakukombolewa. Neno rehani lilikuwa mstari tu katika daftari la tajiri. Kwa jamaa hizi lilikuwa mtoto aliyeondoka nyumbani.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kufikia 1898 ilikuwa imeshapita Voi. Msafara wa miguu ukapoteza kazi. Mfadhili wa aina mpya akaja na treni: Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alifungua maduka kandokando ya reli hadi Uganda, na jina lake limebaki kwenye shule mjini Mombasa. Yeye na Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyetoa mali yake kwa hospitali huko Dar es Salaam, wanastahili makala yao wenyewe.

Nyumba ya Mizingani

Turudi Unguja. Mwaka 1887, katika kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, Taria aliweka jiwe la msingi la hospitali huko Mizingani, mkabala na bandari. Alikusudia iwe ya kuwatibu maskini. Hakuiona ikikamilika. Mjane wake ndiye aliyesimamia ujenzi hadi jengo likamalizika mwaka 1894, likiwa na roshani za mbao zilizonakshiwa ambazo hadi leo humfanya mpita njia asimame. Mwaka 1900 liliuzwa kwa Haji Nasser Nurmohamed, ambaye alifungua zahanati ya hisani katika ghorofa ya chini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilichakaa, hadi Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni ulipolikarabati katika miaka ya 1990.

Je, tumwite mfadhili? Wapo wanaoona kwamba hospitali inafuta yote, na wapo wanaoona kwamba pembe zinaifuta hospitali. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli. Watu waliomfahamu waliushuhudia kabla hajaweka jiwe lolote. Ni kweli pia kwamba jiwe hilo liliwekwa kwa heshima ya malkia, na miaka mitatu baadaye malkia akampa cheo, hivyo fadhila haikukosa malipo. La msingi ni hili: waliotibiwa Mizingani na waliobeba pembe kutoka Manyema hawakuwa watu wale wale. Mkopo ulichukua huku ukatoa kule. Mhakiki anayetumia neno mfadhili kwa Taria analazimika kusema ni mfadhili wa nani, na kwa gharama ya nani, kama vile anavyolazimika kueleza nafsi ya msimulizi anapochambua tawasifu.

Jengo lenyewe Waunguja wengi hulijua kwa jina la Dispensari ya Zamani. Jina la Taria haliko katika jina hilo. Liko katika simulizi la Tippu Tip, na humo anatajwa kwa kile alichokopesha. Upande wa Taita na Taveta hakuna jengo la kutazama. Yapo maneno: deni, rehani, hongo, mali kauli, na yale ambayo Kidawida na Kitaveta huyatumia kwa mambo hayo hayo. Kuyakusanya kutoka kwa wazee wa Mwatate, Bura na Taveta, na kupima ni yapi yaliyoletwa na misafara na ni yapi yaliyoikuta, ni kazi inayoweza kufanywa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta mada ya tasnifu, na nauli yake haizidi ya matatu kutoka Voi.